Kutamka noti kwenye harmonika: mwongozo kamili kwa aliyekwama

Tatizo ninalolisikia mara nyingi zaidi kwa wanaojifunza harmonika si kukosea noti. Matundu ni sahihi na mpangilio ni sahihi, lakini noti zimegandana kama maneno ya mtu aliyeamshwa usingizini. Palipo na noti nne za namna moja, inasikika noti moja ndefu yenye mawimbi. Akiambiwa azitenganishe, anaanza kuzikata kwa kifua: hu, hu, hu, hu. Wimbo haujafika nusu, pumzi imemwishia, na noti bado hazina mwanzo wala mwisho.

Kinachokosekana ni utamkaji, yaani kuipa kila noti konsonanti yake kama tunavyofanya kwenye maneno. Ondoa konsonanti katika "matata", unabaki na "aaa", na hakuna atakayekuelewa. Harmonika isiyo na ulimi ni hiyo "aaa".

Lishike jambo moja, maana hatua zote zilizo hapa chini zinalirudia kwa sura tofauti: pumzi haikatwi. Pumzi ni maji ya mfereji, yanatiririka muda wote. Ulimi ni lango dogo linalofungwa na kufunguliwa. Karibu kila anayekwama anazuia maji kwenye chanzo, wakati lango liko pale pale mdomoni halina kazi.

## Vitu vya kuandaa

- Harmonika ya diatoniki (iliyopangwa kwa noti za skeli moja) yenye matundu 10, ufunguo wa C. Mifano yote hapa imepangwa kwa hiyo. Vilimi vyake vya ndani, yaani vipande vyembamba vya metali vinavyotetemeka na kutoa sauti, si virefu mno wala vifupi mno, kwa hiyo vinaitika upesi bila kuhitaji nguvu.
- Metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo kwa kasi isiyobadilika. Programu ya simu inatosha.
- Kinasa sauti cha simu. Unapopiga, sauti inakufikia pia kupitia mifupa ya kichwa na inakudanganya. Rekodi haidanganyi.
- Kioo kidogo cha kutazamia midomo na taya.
- Kipande cha karatasi nyepesi chenye upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja.
- Maji ya kusukutua kinywa. Mabaki ya chakula na mate mazito hunasa kwenye vilimi, na kilimi kilichonasa hakitamki chochote hata ulimi wako uwe hodari namna gani.

Kabla ya kuanza, ishike harmonika mikononi dakika chache ipate joto la mwili. Ikiwa baridi, mvuke wa pumzi unageuka matone juu ya vilimi na noti zinaanza kukwama katikati ya zoezi.

Nitatumia alama mbili. 4P ni tundu la 4 kwa kupuliza, 4V ni tundu hilohilo kwa kuvuta.

## Hatua ya 1: Noti moja ndefu isiyotikisika

Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Puliza 4P kwa mapigo 8. Pumzika. Vuta 4V kwa mapigo 8.

Midomo iwe kama ya kupiga mluzi, lakini legevu. Harmonika iingie ndani kiasi cha kukaa kwenye sehemu yenye unyevu ya midomo, isiegemezwe nje tu. Pumzi iwe ya kiasi kile unachotumia kutia ukungu kwenye kioo kabla ya kukifuta.

Kuna hewa huponyoka puani bila mtu kujua. Bana pua kwa vidole katikati ya noti. Sauti ikiongezeka ghafla, ujue sehemu ya pumzi ilikuwa inapita puani. Hili lina uzito kwa sababu lango la ulimi halina nguvu juu ya hewa inayopita njia nyingine. Utafunga mdomoni na mkondo utaendelea kwa kupitia pua.

Umefaulu pale noti inapoanza na kuisha kwa nguvu ileile, bila tundu la jirani kuingilia, na hata kubana pua hakubadilishi kitu. Kama hujafika hapo, kaa hapa. Wengi wanaoniambia kwamba ulimi wao ni mzito, shida yao iko kwenye hatua hii waliyoiruka.

## Hatua ya 2: Silabi kwanza, harmonika baadaye

Iweke harmonika chini. Nong'ona "ta-ta-ta-ta". Nong'ona, usiseme. Ukisema kwa sauti, nyuzi za koo zinakutana na kuibana pumzi. Ukinong'ona, koo liko wazi na kazi yote inabaki kwa ulimi.

Tafuta mahali ncha ya ulimi inapogusa: kwenye ufizi, nyuma kidogo ya meno ya juu. Inagusa kwa ncha tu, tena kwa muda mfupi, halafu inashuka kidogo mno. Ulimi wote haupandi wala haurudi nyuma.

Sasa shika karatasi mbele ya midomo, ining'inie. Puliza "haaaa" ndefu, karatasi itainuka. Bila kusimamisha pumzi hiyo, nong'ona "ta-ta-ta-ta". Itazame vizuri. Ikibaki imeinuka huku ikitikisika kila "ta" inapopita, pumzi yako inatiririka na ulimi ndio unaofanya kazi. Ikianguka kabisa kati ya "ta" na "ta", bado unakata kwa kifua. Rudia mpaka isianguke.

Jambo la pili ni mpumuo. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha pwani, kaa la moto na kaa wa baharini hawatamkwi sawasawa. K ya kaa wa baharini inatoka na pumzi nyingi nyuma yake, ya kaa la moto ni kavu. T nayo ina sura hizo mbili. Kwenye harmonika unataka ile kavu. Ile yenye mpumuo inatupa kishindo cha hewa mwanzoni mwa noti, na msikilizaji anasikia "pff" kabla ya muziki.

Kama lahaja yako haina tofauti hiyo, weka kiganja mbele ya mdomo na utamke "ta" mpaka usisikie tena kishindo cha hewa, bali mtiririko tu.

## Hatua ya 3: "Ta" kwa kupuliza

Rudi kwenye harmonika, metronomu 60. Puliza 4P, na kila pigo unong'one "ta" ndani yake. Mara nne, pumzika mapigo manne, rudia.

Tazama kioo. Taya haliendi juu na chini, na midomo haifunguki na kufunga. Kama taya linatafuna, unatamka kwa mwendo mkubwa kupita kiasi, na mwendo mkubwa hauwezi kuwa wa haraka. Kosa hili halijitokezi kwenye mapigo 60. Linajitokeza utakapofika 100, wakati limeshakuwa mazoea.

Usiitumie nguvu ili noti iwe na mwanzo ulio wazi. Kilimi ni kipande chembamba cha metali kinachohitaji muda mfupi kuanza kutetemeka. Ukikipiga kwa hewa nyingi kwa ghafla kinasita, au kinatoa mlio wa ukali, na ukiendelea hivyo kwa miezi kinachoka na kupoteza noti yake. Uwazi unaletwa na wepesi wa ulimi kuondoka kwenye ufizi. Shinikizo halichangii kitu.

Hapa chunguza pia irabu, kwa sababu ndiyo inayopanga nafasi ndani ya kinywa. Kwenye matundu ya chini, 1 hadi 3, vilimi ni virefu na vinaitika taratibu. Huko "to" inafaa kuliko "ta", maana inashusha ulimi na kupanua kinywa. Katikati "ta" inatosha. Juu, kuanzia tundu la 7, jaribu "ti", kwa pumzi kidogo sana. Piga 1P kwa "ti" halafu kwa "to", utaisikia tofauti mwenyewe.

Umefaulu pale rekodi inaposikika noti nne za urefu mmoja, zenye mwanzo wazi, na kati yake hakuna kelele ya hewa.

## Hatua ya 4: "Ta" kwa kuvuta

Hapa ndipo wengi mnapoachia harmonika kabatini, na sielewi kwa nini maelekezo mengi yanapita hapa kwa sentensi moja. Maneno yote tuliyowahi kusema tangu utotoni tumeyasema kwa pumzi inayotoka. Ulimi haujawahi kuombwa kutamka wakati hewa inaingia. Si kwamba huwezi, hujawahi kufanya.

Yapo makosa matatu, na kila moja lina sauti yake. La kwanza: mtu anatoa "ta" kwa nje, kisha ndipo anavuta. Kwenye rekodi utasikia 4P ikichungulia kwa kitambo kidogo kabla ya 4V. La pili: anafunga koo au kifua badala ya ulimi, na noti zinatoka kama kikwikwi. La tatu: ulimi unabandika eneo pana la kaakaa na kubanduka kwa mlio, sauti ileile ya mtu anayefyonya kwa dharau. Ukisikia mfyonzo, ulimi wako umegusa kwa upana. Rudi kwenye ncha.

Anza bila harmonika.

Vuta pumzi kimya kwa mdomo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, lakini polepole na kwa urefu. Pumzi ikiwa inaendelea kuingia, gusisha ncha ya ulimi kwenye ufizi. Hewa inasimama, na utahisi ulimi ukivutwa kidogo kwenda ndani. Hisi hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Sasa uache ulimi udondoke tu. Usiusukume, usiupige. Hewa itaingia yenyewe.

Ikikataa, jaribu "da" mahali pa "ta". D ya Kiswahili, ile ya "dada" na si ile ya "ndani", kwa wazungumzaji wengi hushusha koo kidogo na kuwa kama inanyonya hewa. Sema "dada" polepole mara kadhaa huku umegusa koo kwa kidole, utahisi likiteremka. Mwelekeo huo ndio unaouhitaji. Inong'one sasa huku unavuta. Nimeona watu waliokwama wiki nzima kwenye "ta" wakifunguka kwa "da" siku hiyohiyo.

Sasa chukua harmonika, metronomu 60, fanya kwa mpangilio huu:

1. Vuta 4V kwa mapigo 2 bila ulimi wowote, kisha katika pumzi hiyohiyo weka "da" kwenye pigo la 3 na la 4. Sababu yake ni kwamba mkondo tayari unatembea, kwa hiyo unajifunza kufunga na kufungua lango tu, bila kufikiria kuanzisha pumzi. Anayeanza moja kwa moja na "ta" ya kwanza anajipa kazi mbili kwa wakati mmoja.

2. Hilo likikaa, vuta pigo 1 bila ulimi, kisha "da" tatu.

3. Mwisho, anza na ulimi ukiwa tayari kwenye ufizi: "da, da, da, da" kwa mvuto mmoja.

4. Badilishana sasa: 4V mara nne, 4P mara nne, bila kusimama. Mapafu yanajaa unapovuta na kumwagika unapopuliza, kwa hiyo unaweza kuendelea kwa muda bila kuishiwa.

Angalizo la afya: ukihisi kizunguzungu au vidole kufa ganzi, weka chini na upumue kawaida kwa pua mpaka vipite. Umevuta na kutoa hewa kupita mahitaji ya mwili. Vipindi vya dakika 5 vyenye mapumziko vinafaa kuliko nusu saa ya mfululizo. Kama una ugonjwa wa mapafu au wa moyo, muulize daktari wako kabla ya mazoezi marefu ya kuvuta.

Umefaulu pale noti nne za 4V zinapokuwa sawa na nne za 4P kiasi kwamba mtu asiyekuona asijue ni zipi zenye ulimi rahisi. Hakuna 4P inayochungulia, hakuna mfyonzo, na noti haishuki mwanzoni mwake. Mimi humwachia mtu wiki nzima hapa, na sijawahi kuona wiki hiyo ikipotea bure.

## Hatua ya 5: Mwisho wa noti

Utamkaji si mwanzo peke yake. Noti fupi, zile ambazo wanamuziki huziita stakato, zinategemea jinsi unavyofunga.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha ulimi kwenye ufizi: noti inakatika kavu. Ya pili ni kupunguza pumzi polepole: noti inafifia. Ya pili unaijua tayari. Ya kwanza ina mtego kwa sisi tuliokulia katika Kiswahili, kwa kuwa silabi zetu huishia na irabu na ulimi haujazoea kufunga na kutulia. Ukijaribu "tat" inageuka "tati", na ile "i" ya mwisho inasikika kama kivuli cha noti nyingine.

Dawa yake ni kufunga na kubaki umefunga. Ulimi uliofunga noti ya kwanza upo tayari mahali unapotakiwa kwa noti ya pili, hauna haja ya kuondoka na kurudi. Kwa hiyo zoezi ni hili: 4P, metronomu 60, noti isikike nusu ya pigo, nusu inayobaki kimya huku ulimi umekaa kwenye ufizi. Kisha ifupishe iwe robo ya pigo. Kisha irefushe mpaka kimya kiwe chembamba kama uzi. Fanya hivyohivyo kwa 4V.

Wakati lango limefungwa, usiongeze msukumo nyuma yake. Hewa ikilundikana, noti inayofuata italipuka. Kwa kimya kirefu zaidi ya pigo moja, pumzisha na pumzi yenyewe.

## Hatua ya 6: Ulimi na mkono viende pamoja

Harmonika inakusaidia kwa njia moja: mwelekeo wa pumzi unapogeuka, noti zinatengana zenyewe. Piga skeli ya do hadi do: 4P 4V 5P 5V 6P 6V 7V 7P. Bila ulimi kabisa, karibu noti zote zitasikika zimetengana. Isipokuwa mahali pamoja. Kati ya 6V na 7V, la na ti, pumzi haigeuki. Hapo ndipo noti zinapoburutana, na ndiyo maana skeli ya wanaoanza hujikwaa mahali hapohapo kila siku.

Piga jozi hiyo peke yake: 6V "da", 7V "da", mara kumi. Harmonika ihame wakati ulimi umefunga. Mkono ukitangulia, utasikia 6V ikiteleza kuelekea jirani. Mkono ukichelewa, "da" itaangukia tundu la zamani. Nenda polepole kiasi cha kuhisi mfuatano: ulimi unafunga, mkono unahama, ulimi unafungua.

Halafu panua: 4P 5P 6P 7P kwa "ta", kupanda na kushuka, kisha 4V 5V 6V 7V kwa "da". Hamisha harmonika kwa mkono. Ukihamisha kichwa, midomo inabadili umbo na noti safi ya Hatua ya 1 inapotea.

Umefaulu pale skeli nzima inapopanda bila mtu kuweza kusema pumzi iligeuka wapi na haikugeuka wapi.

## Hatua ya 7: "Ka", na mwendo wa "ta-ka"

Ipo kasi ambayo ncha ya ulimi peke yake haiifikii. Hapo sehemu ya nyuma inaingia kusaidia: "ta" kwa mbele, "ka" kwa nyuma, zikipokezana.

"Ka" mwanzoni ni dhaifu na inasikika kwa mbali. Kwa hiyo ifanyie mazoezi peke yake kwanza: "ka-ka-ka-ka" kwenye 4P, mpaka nguvu yake ilingane na "ta". Ukiziunganisha mapema utapata mwendo unaochechemea, TA-ka-TA-ka, na kuurekebisha baadaye ni kazi ngumu.

Onyo kubwa liko kwenye kuvuta. Mahali "ka" inapofungia, nyuma ya kinywa, ni jirani na mahali ulimi unapokaa mtu anapopinda noti ishuke. Kwenye harmonika hii noti za kuvuta zinazopindika ziko tundu la 1 hadi la 6, ingawa la 5 ni kidogo mno, na 3V inaweza kushuka hadi nusu toni tatu. Ndiyo maana wengi wakianza "ka" kwenye 2V au 3V, noti inatoka imezama, nao wanadhani harmonika imeharibika.

Kwa hiyo fuata njia hii. Anza 4P, 5P na 6P, ambako kupuliza hakupindi noti. Nenda 7V na 8V, ambako kuvuta hakupindi. Kisha 5V. Kisha 4V na 6V. Mwisho kabisa 2V na 3V. Kwenye kila tundu la kuvuta, piga kwanza noti ndefu bila ulimi, kisha "ka" moja, usikilize kama zimelingana. Programu ya kupima noti itakuonyesha kama sikio halijakomaa. Ikizama, gusa kwa wepesi zaidi, kama "ga" nyepesi, na ulimi ushuke kabisa baada ya kugusa usije ukabaki umeinuka.

Sasa unganisha. Metronomu 60, noti mbili kwa pigo, "ta-ka ta-ka", 4P. Ongeza mapigo 4 kila unapopiga mizunguko minne safi mfululizo. Ukiharibu, shuka 8. Ukifika 100, rudi 60 na upige noti nne kwa pigo.

Zoezi linalonifurahisha kuliko yote ni la treni. Panua midomo ishike matundu ya 1, 2 na 3 kwa pamoja. Vuta "ta-ka", puliza "ta-ka", vuta "ta-ka", puliza "ta-ka". Anza taratibu kama treni inayoondoka kituoni, ongeza kasi, kisha punguza mpaka isimame. Linakupa kuvuta, kupuliza, ncha na nyuma ya ulimi kwa wakati mmoja, na linafanya dakika 10 zipite bila kuhesabu. Sonny Terry, mpiga harmonika wa bluzi wa Marekani, alisifika kwa midundo ya namna hii iliyojengwa na ulimi na pumzi.

Noti tatu kwa pigo zinatamkwa "ta-ka-ta" au "ta-ta-ka". Mimi napendelea ya pili, kwa sababu noti mbili za kwanza za kila pigo zinakuwa na uzito mmoja. Jaribu zote mbili, baki na ile inayokaa sawa kwenye rekodi.

Tena, kama unaweza kutetemesha ncha ya ulimi kwa r ndefu, "rrrr", ijaribu kwenye 5P. Noti itatetemeka kama ngoma ndogo. Ni pambo la kupuliza. Kwa kuvuta ni gumu mno, usilipotezee muda.

## Kwa wanaoziba matundu kwa ulimi

Kama unapata noti moja kwa kufunika matundu manne kwa midomo na kuziba matatu ya kushoto kwa ulimi, ncha ya ulimi ina kazi tayari na "ta" haipatikani. Una njia tatu. Tumia "ka" au "ga" ya nyuma. Au tumia koo, kama kituo kidogo kilichopo katikati ya "a-a" tunaposema hapana, lakini kwa wepesi: koo likianza kuwasha, umekaza, acha siku hiyo. Au piga kwa ulimi wenyewe: anza ukiwa umeuinua, noti zote nne zilie kwa kitambo kifupi, kisha ubandike haraka ibaki moja. Hii ya tatu inatoa mwanzo mnene ambao "ta" haiwezi kuutoa, na wengi wanaopiga bluzi wanaitegemea.

## Hatua ya 8: Kuchagua mahali pa kutamka

Ukishaweza kila kitu, kishawishi ni kutamka kila noti. Matokeo yake ni wimbo unaosikika kama mtu anayesoma silabi moja moja. Chukua mfululizo huu, mstari mmoja kwa pumzi zake:

4P 4P 4P 5P
5V 5V 5P
6P 6P 6V 7V
7P

Piga kwanza bila ulimi popote, ujue ni wapi noti zinagandana. Ni 4P tatu za mwanzo, 5V mbili, 6P mbili. Hapo lazima utamke, vinginevyo noti hazipo. Mwanzo wa mstari nao unastahili "ta", ili msikilizaji ajue sentensi mpya imeanza.

Penye kugeuka kwa pumzi, kutoka 5V kwenda 5P au 6V baada ya 6P, acha. Kugeuka kunatosha, na ukiongeza ulimi juu yake unafanya noti iwe ngumu bila sababu. Pale pumzi haigeuki lakini tundu linabadilika, 4P kwenda 5P na 6V kwenda 7V, una uhuru wa kuchagua. Tamka, zitasikika kama hatua mbili. Usipotamka, zitateleza kama moja. Au tumia "la", ambapo ulimi unagusa bila kuziba njia yote, na utapata kitu kilicho kati ya hivyo viwili.

Andika wimbo wako kwenye karatasi, weka nukta chini ya noti unazotamka tu, na urekodi. Badili nukta mbili tatu, rekodi tena. Kisha mchezeshee mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo huo, umwombe aupige kwa makofi, kofi moja kwa kila noti. Akikosa kofi mahali, tazama karatasi yako: noti hiyo ndiyo inayohitaji nukta.